Pumzi za Wanawake wa Kasekese

Dar es Salaam,
3 Machi 2024

Mama mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimefika salama, ila miguu imevimba kwa kukaa kwenye basi. Mkweo Mercy anakusalimu. Tumbo lake sasa linaonekana hata akivaa gauni pana.

Nakuandikia kama ulivyoniomba. Ni kweli, kwa masikio ya baba na ile spika ya simu yake, tukiongea kinasikia kijiji kizima.

Nashukuru jinsi mlivyonipokea na kazi yangu. Hapa chuoni kuna walimu walionikataza kufanya utafiti nyumbani kwetu, wakasema sitapata ukweli. Niliwajibu kwamba wanawake wa Kasekese ndio walionilea, hawawezi kunificha kitu. Kama nilivyoeleza kwenye mkutano, nusu yenu mmepata majungu ya kupikia ya umeme na nusu mnaendelea na kuni, ili tujue moshi unafanya nini kwenye mapafu ya mama anayepika, na umeme unamwokolea gharama kiasi gani. Ndiyo sababu ya kile kipimo cha kupuliza kwenye mashine. Mwezi wa sita tunarudi kupima tena, na bila kipimo cha pili hiki cha kwanza hakina maana.

Jambo moja tu lilinikera. Mama Kasilda, mtu mzima na jirani yetu, alimwaga ndoo nzima ya maji ya kunywa kwenye benchi mlilokaa. Alikulowanisha wewe, na nusura aiharibu mashine. Nilimfokea mbele ya watu kwa sababu mashine ile ni ya chuo. Mwambie sina kinyongo.

Mwanao,
Erasmus


Kasekese,
19 Machi 2024

Mwanangu Erasmus,

Milele, amina. Barua yako imefika kwa mkono wa kondakta. Baba yako Telesphor hajambo, anapalilia. Mvua ipo, mpunga umesimama vizuri.

Jungu lako ni zuri. Maharage yanaiva nikiwa nafagia uwanja, wala sishiki kuni. Kasilda hakupata la kwake, yumo kwenye kundi la kuni, kwa hiyo maharage yake napika mimi. Sijui kama hilo linaharibu hesabu zenu. Kama linaharibu, niambie, lakini sitaacha.

Salamu zako nimempa. Aliendelea kupepeta mchele wake.

Kuhusu mwezi wa sita, nilitaka kukuuliza kama ni lazima wapimwe walewale. Wapo wasichana wenye vifua vyao, wangepuliza vizuri kuliko sisi. Halafu mwezi huo ni wa mavuno, na dada yangu wa Kasokola anaumwa umwa, huenda nikawa kwake. Usinitegemee sana.

Mwambie Mercy asibebe ndoo.

Mama yako,
Romana


Dar es Salaam,
2 Julai 2024

Mama,

Najua umesharudi kutoka Kasokola, baba ameniambia. Nashukuru mama mdogo amepata nafuu, ingawa nilipompigia alishangaa kusikia kwamba alikuwa anaumwa.

Nataka ujue ilivyokuwa. Nilikuja na mwalimu wangu, Dokta Respicius, ametoka huku Dar kwa ajili ya kuniona nikifanya kazi. Tulipanga viti kwenye veranda ya ofisi ya kijiji, Alex, yule kijana wetu wa kupima, akafungua mashine, mwenyekiti akapiga kengele. Tulikaa mpaka jua likatupita kichwani. Walikuja wanawake wachache, wengi wao wahamiaji ambao hawatufahamu. Waliobaki nilikwenda kuwatafuta mmoja mmoja. Mmoja yuko shamba, mwingine kichwa kinauma. Mama Kasilda alikuwa amekaa mlangoni kwake anachambua mchele. Aliniambia, "Mashine yenu inanyonya pumzi. Tafuta wengine." Dokta alikuwa nyuma yangu na aliyasikia hayo.

Mama, ungekuwepo wewe wangekuja wote. Unajua hivyo, na ukaondoka. Katika basi Dokta alinipa tu chupa ya maji akaangalia dirishani. Sijawahi kuona aibu kama ile.

Mercy amejifungua salama, mtoto wa kiume. Tumemwita Heri.

Erasmus


Kasekese,
15 Julai 2024

Mwanangu,

Mungu ashukuriwe kwa ajili ya Heri. Baba yako ametembea kijiji kizima akisema amepata babu mwenzake.

Sikuwa na nia ya kukuaibisha. Nisamehe kwa hilo la Kasokola. Zaidi ya hapo usiniulize.

Mama Heri apewe uji wa mtama, na akae kitako, asikimbilie kazi. Mwambie nimesema mimi.

Romana


Dar es Salaam,
8 Septemba 2024

Mama mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Leo nakuandikia kwa furaha, yale ya mwezi wa sita tuyaache.

Nilidhani kazi yangu imekufa. Lakini Dokta Respicius aliniambia kwamba hata wanawake kukataa kipimo ni jambo la kuandikwa, mradi tueleze kwa nini. Nikaandika kwamba teknolojia ilikwama Kasekese kwa sababu ya imani potofu, kwamba wanawake wanaamini mashine inanyonya pumzi. Wiki iliyopita nilisoma makala hiyo mbele ya mkutano mkubwa, kuna watu wa afya, watu wa nishati, wachumi na wageni kutoka nje. Niliposimulia lile la mama Kasilda, bila kumtaja jina, ukumbi mzima ulicheka. Walinizunguka baadaye, wakaomba namba yangu. Makala itachapishwa. Na wiki ijayo redio ya huko nyumbani itanihoji kwa simu, kipindi cha asubuhi, kwa hiyo wewe na baba mnisikilize.

Kuna jambo moja ambalo si zuri sana. Wafadhili wanaona kijiji hakiko tayari, kwa hiyo majungu ya umeme yatakusanywa baada ya Krismasi, yapelekwe wilaya nyingine. Najua wewe umelipenda la kwako. Nikipata kazi nitakununulia.

Mwanao,
Erasmus


Kasekese,
6 Oktoba 2024

Erasmus,

Tulikusikiliza. Baba yako alileta redio uwanjani ili na wengine wasikie, walikuja hata akina Dorika wa ng'ambo ya mto. Wamekusikia wakiwa wamekaa kwenye mikeka yangu. Ulipofika kwenye imani potofu, wakaanza kuinuka mmoja mmoja, wakaaga kwa adabu.

Kasilda alikwenda Mpanda sokoni kuuza mchele. Mwanamke mmoja akamuuliza anatoka wapi, akataja Kasekese, na wenzake wakaanza kujishika pua na kucheka, wakisema asipumue karibu nao asije akaishiwa. Amerudi na mchele wake.

Mimi nilikuwa katibu wa akina mama wa kigango cha kanisa letu. Nimechanjwa, nimekuchanjisha, nimekupeleka kliniki kwa mguu kila walipotuita. Leo mtoto wangu amesema redioni kwamba naogopa mashine.

Ungesema hujui. Mtu akiulizwa kitu ambacho hakijui, si anasema hajui? Kila mwanamke pale alikuwa na sababu ya kutosimama tena mbele za watu na kupuliza hadi mwisho, na hakuna hata moja uliyoijua. Hukukosea kwa kutoijua. Umekosea kwa kutafuta nyingine ukatuvalisha sisi.

Majungu waje wayachukue.

Romana


Dar es Salaam,
3 Novemba 2024

Mama,

Shikamoo. Ni mimi Mercy, mama Heri. Sijawahi kukuandikia na sijui kama nafanya vizuri. Erasmus hajui.

Barua yako ya mwisho aliisoma, akaiacha mezani, akatoka. Nikaisoma na mimi. Tangu siku ile anarudia kusema, "Kama si imani potofu, basi ni nini? Waniambie." Na mimi nikarudia pale ulipoandika kuhusu kusimama mbele za watu na kupuliza hadi mwisho.

Mama, naomba unisamehe kama nakosea. Tangu nimzae Heri, nikipiga chafya mkojo unanitoka. Nikicheka, unanitoka. Juzi ofisini mwenzangu alisimulia kichekesho, wote wakacheka, mimi nikakimbia nje, wakadhani nimechukia. Erasmus sijamwambia. Nalala na kanga nimeikunja, nasema ni kwa ajili ya maziwa ya mtoto.

Kama hali hiyo haikuhusu, choma barua hii na usinifikirie vibaya. Kama inakuhusu, niandikie mimi.

Mkweo,
Mercy


Kasekese,
20 Novemba 2024

Mama Heri, binti yangu,

Marahaba. Sikuichoma. Nimeisoma stoo mlango ukiwa umefungwa, kisha nikalia, kisha nikaona nakula kwa hamu kuliko siku nyingi.

Ndiyo, ni hivyo. Nina hali hiyo tangu nilipomzaa Erasmus. Alikuwa mtoto mkubwa, mvua ilikuwa imekata barabara ya kwenda Mpanda, nikajifungulia nyumbani kwa shida sana. Tangu hapo nikikohoa natokwa, nikinyanyua gunia natokwa. Kwaya niliacha, nikawaambia sauti imekwisha. Nimezoea kuvaa vitenge viwili, kiangazi na masika.

Siku ile ya kupimwa tulikaa kwenye benchi, mbele ya mwenyekiti, watendaji, vijana wa bodaboda waliokuja kutazama. Yule kijana Alex ni mwema, anafanya kazi yake. Akaniwekea bomba mdomoni, akaniinamia, anapiga kelele: "Puliza mama, puliza, puliza, usiache, bado, bado, toa yote!" Nami nilitaka mtoto wangu apate majibu mazuri. Nikatoa yote.

Si tone, Mercy. Ulikuwa mkojo kama wa mtoto, ukapita kwenye vitenge vyote viwili, ukaanza kuteremka kwenye ubao wa benchi. Erasmus alikuwa anakuja upande wangu anatabasamu, ananionyesha kidole gumba. Kasilda alikuwa karibu nami. Aliniangalia usoni, akaangalia chini, akainuka kama anakwenda kunywa, akajikwaa na ndoo yote ikanimwagikia. Watu wakacheka uzembe wake. Erasmus akamfokea kama anavyofokewa mtoto, na Kasilda akasimama anasema samahani baba, samahani baba.

Hajawahi kumwambia mtu. Tulipokwenda mtoni kufua ndipo na yeye akaniambia kwamba siku ile alikuwa amejibana, amepuliza nusu kwa hofu hiyohiyo. Na Suzana akasema hivyo, na wengine, watu tuliokaa pamoja miaka yote. Tukakubaliana hatuendi tena. Lile la kunyonya pumzi Kasilda alilitoa ili wale wanaume waondoke mlangoni kwake.

Sasa nikuambie kinachoniuma. Nikipika kwa kuni nakohoa, nikikohoa natokwa. Tangu jungu la umeme lije sikohoi sana, nimeanza kutoka na kitenge kimoja. Kazi ya Erasmus ilikuwa imenisaidia mahali ambapo hakuna aliyeniuliza. Na sasa wanalichukua.

Mwambie wewe. Mimi siwezi kumtamkia mtoto niliyemnyonyesha maneno hayo. Lakini kwamba ilianza kwa uzazi wake, hilo usimwambie. Libaki kwetu wawili.

Na wewe nenda hospitali mapema. Usingoje kama mimi.

Mama yako,
Romana


Dar es Salaam,
12 Januari 2025

Mama,

Mercy ameniambia. Sitaandika alichoniambia, kwa kuwa najua hutaki kukiona kwa mwandiko wangu.

Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana. Ninachokiona kila nikifumba macho si wewe, ni ule ukumbi. Watu wamevaa suti, mimi nimesimama mbele yao, nasema mwanamke mmoja alituambia mashine inanyonya pumzi. Wakacheka, na mimi nikacheka nao. Nikaona nimefanya vizuri. Usiku ule nilimpigia rafiki yangu simu nikamsimulia jinsi walivyocheka.

Nilikuwa na maswali mengi kwenye utafiti wangu, mama. Niliuliza mnatumia mizigo mingapi ya kuni, mnalipa kiasi gani kwa umeme wa luku, mnakohoa mara ngapi kwa wiki. Sikuuliza kukohoa kunawafanya nini. Nilipanga kipimo kile verandani kwa sababu kuna mwanga na upepo. Hata pazia halikunijia akilini.

Nimekwenda kwa Dokta Respicius nikamwambia sababu niliyoandika si kweli na makala isichapishwe. Akauliza sababu ya kweli ni ipi. Nikasema siwezi kuitaja, ila ni kosa la mpangilio wangu, niliwapima wanawake hadharani. Akasema sentensi ile ndiyo iliyopendwa na watu, nikiiondoa hakuna makala. Nikamwambia basi isiwepo. Mwisho akasema nirudie kipimo upya kwa njia ya adabu, na nisahau kuhitimu mwaka huu. Majungu nimeyaombea yabaki mpaka nimalize. Wafadhili wamekubali kwa shingo upande.

Redio nimewaomba wanipe nafasi tena, asubuhi ya tarehe ishirini na nne. Nitasema niliyoyasema ni uongo. Sitaeleza zaidi.

Mwezi wa pili watakuja wauguzi wawili, wanawake, Lusia na Jeniffer. Watapimia ndani ya darasa, milango imefungwa, na kila mama ataingia peke yake. Mimi nitabaki Mpanda, mtaa wa Nsemulwa, kwa rafiki yangu, hadi wamalize. Ukikataa, nitaelewa. Usije kwa ajili yangu.

Sijui nitawezaje kumtazama mama Kasilda.

Mwanao,
Erasmus


Kasekese,
26 Januari 2025

Mwanangu,

Tumekusikia. Safari hii redio baba yako aliiweka dirishani, na watu walisimama njiani kusikiliza.

Njoo. Ukifika, pita kwa Kasilda kabla ya kuja kwangu. Usimpelekee zawadi, atadhani unamlipa. Kaa, kula atakachokupa. Mbele yangu usiombe msamaha, hasa baba yako akiwepo. Umeshaomba.

Mama


Kasekese,
30 Machi 2025

Mercy, mwanangu,

Hii ni yako peke yako. Erasmus asiione.

Wale wauguzi walikuja. Tulikwenda wote, hata waliohama kijiji walirudi kupuliza. Lusia anaanza kwa kukuuliza kama una shida hiyo, anakupa kitambaa bila kukuangalia sana, kisha anakuacha ukae unavyotaka. Nilipuliza. Kidogo kilitoka, hakuna aliyeona, na Lusia akaandika namba yangu akasema, "Asante mama, imetosha." Baadaye alitukusanya tuliokubali, akatufundisha mazoezi ya kubana na kuachia, na mimi na Kasilda akatuandikia twende hospitali Mpanda. Daktari wa huko amesema yangu ni ya zamani lakini inatengenezeka, nimepewa tarehe. Wewe umeniandikia kwamba umeshaanza mazoezi. Usiyaache.

Erasmus alikuja baada ya kazi kuisha. Kwa Kasilda alikaa muda mrefu. Sijui walichozungumza, Kasilda amekataa kuniambia, ila nilimuona akimsindikiza hadi kwetu amemshika mkono. Humu ndani alikula akiangalia sahani. Mimi nami sikuweza kumtazama. Tulizungumza habari za mpunga, na bei ya mbolea, na Heri kuota meno. Alipoaga aliniinamia kuliko anavyoinamaga, nikamgusa kichwa. Hatujamaliza, binti yangu. Sijui kama mambo haya yanamalizikaga.

Lakini nilitaka kukuambia la baba yake.

Alipoondoka Erasmus, mzee alizima redio akaniuliza, "Mtoto alikosea nini hasa? Redioni anasema amekosea, hapa anakula kama mtu aliyefiwa. Na wewe hospitali unakwenda kufanya nini?" Nikamwambia ni mambo ya akina mama. Akasema, "Mimi si mtu wa nje, Romana."

Mercy, mimi silali chumba kimoja na baba yenu tangu Erasmus akiwa mdogo. Nilimwambia anakoroma. Nilikuwa naogopa kitanda. Nilikuwa naogopa kucheka. Yeye akahesabu kwamba nimemchoka, akawa mtu wa kuongea na mimi kama mgeni mwenye adabu, na mimi nikaona afadhali iwe hivyo kuliko ajue.

Nikamwambia yote. Nilimwambia nikiwa nimempa mgongo, nachambua dagaa, na ilibidi niseme kwa sauti kubwa kwa ajili ya masikio yake. Nilipomaliza nikasikia ameinuka, nikajua ameondoka, nikasema moyoni, haya, nimevuna nilichokuwa nakiogopa.

Kisha nikasikia vitu vinaangushwa chumbani kwangu. Nikaenda kutazama. Mzee alikuwa amelikumbatia godoro langu, amekwama nalo mlangoni akilipeleka chumbani kwake, hawezi kwenda mbele wala kurudi, jasho linamtoka.

"Usisimame hapo," akaniambia. "Nishikie pazia."

Mama yako,
Romana